Ngozi Mpya Huota Juu ya Kiunzi



Miongoni mwa majeraha yampatayo askari kazini, ni machache yanayokaa naye kwa muda mrefu kama jeraha la moto. Risasi hutolewa, mfupa uliovunjika huungwa, lakini ngozi iliyoungua mpaka ndani haioti tena kama ilivyokuwa. Mahali pake hujaa kovu. Kovu nalo hukaza na kujikunja, hata mkono uliokuwa ukishika usukani au bunduki jana, leo haukunjuki. Mtu amepona kwa hesabu ya hospitali, lakini hakupona kwa hesabu ya kazi yake, wala ya nyumba yake.

Jambo hilo si geni kwa watu wa Bujumbura na bonde la Ruzizi. Kuanzia Desemba 2007, na kwa zaidi ya miaka 15, vikosi vya Burundi vilihudumu Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, katika vita ambavyo mabomu ya kutegwa njiani yalileta chuma na moto kwa pamoja. Na hapa karibu, jioni ya tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, upande wa Kongo wa bonde hilo hilo la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka barabarani. Mafuta yakamwagika. Watu wakakusanyika, wengine kutazama, wengine kuchota. Wengine walikuwa ndani ya vibanda wakifuata mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 200, na walionusurika waligawanywa katika hospitali za Uvira na Bukavu. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, mambo yale yale yalitokea Msamvu, mjini Morogoro, Tanzania, na huko nako watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, na walio wengi ni wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hesabu hiyo haiwataji wale wasiokufa, ambao huishi na shingo iliyoshikana na kifua au vidole vilivyogandana. Kwa ajili ya watu hao ndipo wanasayansi wamekuwa wakishughulika, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na swali moja: je, mwili unaweza kusaidiwa kujenga ngozi badala ya kujenga kovu? Jibu lao ni kwamba unaweza, kwa kiasi fulani, ikiwa utapewa kiunzi cha kujengea. Mazungumzo haya yanaeleza kiunzi hicho ni nini, hutengenezwaje, kinaweza nini na hakiwezi nini.

Kwanza ni lazima kuielewa ngozi yenyewe. Ngozi ina matabaka mawili makubwa. La juu ni jembamba sana, na kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Tabaka hilo lina uwezo wa kuota upya, likitambaa kutoka kingo za jeraha na kutoka mizizi ya nywele. La chini ni nene, lenye nguvu na mnyumbuko. Humo ndimo imo mishipa ya damu, neva na tezi za jasho. Nguvu ya tabaka hilo la chini hutokana na wavu wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Seli za mwili hukaa ndani ya wavu huo, huushika, huutambaa, na kwa kuugusa hujua ziko wapi na zifanye kazi gani.

Moto unapofika chini, hauui seli peke yake. Huuharibu na wavu wenyewe. Seli zinazokuja kuponya hukuta uwanja mtupu. Kwa haraka ya kuziba shimo, hutandaza kolajeni nyingi kwa mafungu yaliyolala upande mmoja, kisha huyavuta ili kulifunga jeraha. Hilo ndilo kovu. Si adui aliyeingia mwilini, bali ni kazi ya dharura iliyofanywa na mafundi wasio na ramani.

Wakulima wa Burundi wana mfano mzuri wa jambo hili. Maharagwe ya kutambaa yakiachwa bila vijiti hulala chini, husongamana na kuoza. Yakichomekewa vijiti, kila mche hupanda mahali pake, hupata hewa na mwanga, na mavuno huongezeka. Kijiti hakizai haragwe hata moja, wala hakiliambi haragwe liwe haragwe. Kazi yake ni kuonyesha njia ya kupanda. Kiunzi cha tishu ni kijiti cha namna hiyo, ila kijiti hiki kina sifa moja zaidi: kazi ikiisha, huyeyuka taratibu na kuondolewa na mwili wenyewe.

Viunzi vya namna hii hutengenezwa kwa vitu mbalimbali, lakini vilivyokaribia zaidi tishu laini za mwili ni vile vya haidrojeli. Haidrojeli ni wavu wa molekuli ndefu, ziitwazo polima, uliofungamana hata ukaweza kuyashika maji mengi bila kuyeyuka ndani yake. Mchuzi wa kwato za ng'ombe uliopoa usiku kucha na kuganda asubuhi ni jeli ya aina hiyo: sehemu kubwa ni maji, sehemu ndogo ni protini, lakini kitu kizima husimama na kutikisika kama mwili. Haidrojeli nyingi za tiba zina maji asilimia 90 au zaidi. Kwa kuwa tishu za mwili nazo ni maji mengi yaliyoshikwa na nyuzi chache, seli zikiwekwa humo hazijioni ugenini.

Habari za haidrojeli katika tiba zilianza machoni. Mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Czechoslovakia walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jeli zenye maji zinazofaa kutumika mwilini. Mwishoni mwa mwaka 1961 Wichterle alitengeneza nyumbani kwake lenzi laini za kuvaa jichoni, kwa mashine aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kujengea na dinamo ya baiskeli. Mamilioni ya watu duniani huvaa leo lenzi zilizotokana na kazi ile.

Mwaka 1962, George Winter, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba vidonda vya juu vya nguruwe vilivyofunikwa na kutunzwa katika unyevu hufunikwa na ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili kuliko vile vilivyoachwa kukauka na kufanya gaga. Kabla ya hapo watu wengi, hata wauguzi, waliamini kwamba kidonda chema ni kidonda kikavu. Winter aliibadili imani hiyo. Gaga ni ukuta mgumu, na seli mpya hulazimika kuchimba njia chini yake. Katika unyevu seli hizo huteleza juu na kukutana upesi. Vitambaa vya jeli vinavyowekwa katika mikoba ya huduma ya kwanza ya majeshi mengi vimetokana na elimu hiyo.

Majeshi, kwa kweli, hayakuwa nyuma katika jambo hili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mnamo mwaka 1947, daktari George Blaine aliyetumikia jeshi la Uingereza alichapisha majaribio yake juu ya alginati, kitu kitolewacho katika mwani wa rangi ya kahawia, kwa kuzuia damu na kufunika majeraha. Kitambaa cha alginati kikigusa damu na maji ya kidonda hubadilishana nayo madini: kalsiamu hutoka kitambaani, sodiamu huingia, na kitambaa hugeuka kuwa jeli. Kalsiamu iliyotoka husaidia damu kuganda. Katika vita vya Iraki na Afghanistani, kuanzia mwaka 2003, jeshi la Marekani lilitumia bandeji za kaitosani, kitu kipatikanacho katika magamba ya kamba wa baharini, kwa kuzuia damu inayotoka kwa wingi.

Hata hivyo, kufunika jeraha ni jambo moja, na kulijenga upya ni jambo jingine. Hatua kubwa ya kujenga ilipigwa mjini Boston, Marekani. Daktari mpasuaji John Burke alikuwa amechoka kuwaona wagonjwa walioungua mwili mzima wakifa kwa kukosa ngozi ya kuhamishia. Alishirikiana na Ioannis Yannas, mhandisi mzaliwa wa Ugiriki aliyefundisha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 waliokuwa wameungua kati ya asilimia 50 na 95 ya miili yao. Ngozi yao ya bandia ilikuwa na matabaka mawili. La chini lilikuwa kiunzi chenye matundu, kilichotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na sukari ndefu itokayo katika gegedu la papa. La juu lilikuwa utando mwembamba wa silikoni, wa kuzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie.

Ngozi hiyo huwekwa juu ya jeraha lililosafishwa. Seli za mgonjwa na mishipa midogo ya damu huingia katika matundu ya kiunzi, na katika muda wa wiki mbili hadi tatu hivi huwa zimejenga tabaka jipya la chini la ngozi. Hapo silikoni huondolewa, na juu yake hupandikizwa utando mwembamba sana wa ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa utando huo ni mwembamba, mahali ulipotolewa hupona upesi na paweza kutumiwa tena. Mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi ya kiunzi hicho. Ni vyema kueleza pia upungufu wake: ngozi inayoota juu ya kiunzi hicho haina nywele wala tezi za jasho. Askari aliyetibiwa hivyo sehemu kubwa ya mwili atapata tabu katika jua la Imbo, kwa maana ngozi yake mpya haijipozi kwa jasho.

Sasa, viunzi hivi hutengenezwaje? Kazi huanza kwa kuchagua polima. Zipo zitokazo katika viumbe, kama kolajeni, jelatini na alginati; na zipo zitengenezwazo viwandani. Za viumbe hutambulikana na seli kwa urahisi, lakini hutofautiana kutoka fungu hata fungu, na zaweza kubeba mabaki ya bakteria yawezayo kumtia mgonjwa homa kali. Za viwandani ni safi na zinafanana siku zote, lakini seli haziwezi kuzishika mpaka ziongezewe vipande vidogo vya protini vya kushikia. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huchanganya za aina zote mbili.

Baada ya kusafishwa, polima huyeyushwa katika maji, mara nyingi kwa kiasi cha asilimia chache tu. Kisha huja hatua iliyo kiini cha kazi yote, nayo ni kufungamanisha. Molekuli ndefu zinazoelea ovyo hufungwa fundo kwa fundo mpaka ziwe wavu. Njia ni nyingi. Alginati hufungwa kwa kudondoshewa maji yenye kalsiamu, na jeli huganda papo hapo. Jelatini hufungwa kwa baridi, lakini fundo hizo hulegea katika joto la mwili, kwa hiyo huongezewa dawa za kuzikaza, au hubadilishwa ili ziweze kukazwa kwa mwanga. Fundo zikiwa chache, jeli ni laini na huyeyuka upesi. Zikiwa nyingi, jeli ni ngumu na hudumu. Fundi anayezidisha dawa ya kukaza hupata jeli imara, lakini mabaki ya dawa hiyo yaweza kuua seli alizokusudia kuzisaidia.

Ugumu wa jeli si jambo dogo. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba seli changa za uboho, zikiwekwa juu ya jeli laini kama ubongo, huelekea kuwa na umbo la seli za neva. Juu ya jeli yenye ugumu wa msuli, huelekea usuli. Na juu ya jeli ngumu zaidi, huelekea mfupa. Seli, kama kuruta, hujifunza mengi kutokana na ardhi iliyo chini ya miguu yake.

Hatua ifuatayo ni kutengeneza matundu. Njia iliyozoeleka, na ndiyo waliyoitumia Burke na Yannas, ni kugandisha. Mchanganyiko hugandishwa mpaka maji yawe vipande vya barafu, kisha barafu huondolewa kwa kunyonywa hewa, ikigeuka mvuke bila kupita katika hali ya maji. Mahali palipokuwa na barafu pakabaki tundu. Ugandishaji wa polepole hutoa barafu kubwa na matundu makubwa. Wa haraka hutoa madogo. Kwa ngozi, ukubwa ulioonekana kufaa ni kati ya mikromita 20 na 125 hivi, na mikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Tundu dogo mno halipitishi seli. Tundu kubwa mno huzipa seli eneo dogo la kushika. Siku hizi ziko pia mashine zinazochapa jeli tabaka juu ya tabaka kwa kuongozwa na kompyuta, zikiwa na seli ndani yake.

Mwisho ni kuua vijidudu na kupima. Kolajeni haivumilii joto la kuchemsha vyombo vya upasuaji, kwa hiyo hutumiwa mionzi au gesi maalumu, nazo zisipopimwa vizuri huidhoofisha jeli. Kisha kiunzi hupimwa nguvu, hupimwa muda wake wa kuyeyuka, hujaribiwa kwa seli, kwa wanyama, na hatimaye kwa watu wachache waliokubali wakijua hatari zake. Kuyeyuka lazima kuende sambamba na ujenzi. Kiunzi kikiondoka mapema, jengo huanguka. Kikikawia, huwa kikwazo na mwili hukizingira kwa kovu.

Baada ya kuyasikia hayo, msikilizaji aweza kuuliza kwa nini basi hayatengenezwi maini, figo na miguu. Jibu lake askari atalielewa kuliko raia, kwa sababu ni jambo la ugavi. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya mikromita 100 au 200 hukosa hewa na chakula, ikafa. Kikosi kilichosonga mbele kuliko msafara wa chakula na risasi hakidumu, hata kikiwa na mashujaa. Ngozi ni nyembamba, na mishipa ya chini yake huifikia upesi. Gegedu hustahimili njaa. Lakini ini ni nene na hula sana, na kutengeneza mishipa ya damu ndani ya jeli nene ni kazi ambayo bado haijawapatia watafiti ushindi kamili.

Kutojali mipaka hiyo kumegharimu maisha, na mmoja wa waliolipa gharama alikuwa mwana wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2011, katika hospitali ya chuo cha Karolinska mjini Stockholm, Sweden, mwanafunzi mmoja wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland, mwenye uvimbe katika koromeo la pumzi, aliwekewa koromeo la plastiki lililotengenezwa maabarani na kulowekwa seli zake mwenyewe. Mpasuaji alikuwa Paolo Macchiarini. Magazeti ya dunia yalisifu. Lakini kiunzi kile hakikuwa kimethibitishwa kwa wanyama inavyopasa, na tishu hai haikuota juu yake. Mgonjwa huyo alifariki Januari 2014 baada ya mateso marefu, na wagonjwa wengine wawili waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo katika hospitali ile nao walifariki. Juni 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu.

Funzo lake si kwamba viunzi ni uongo. Kile cha Boston kilijaribiwa kwa miaka, kikatangazwa na mipaka yake, na kimeokoa watu. Kile cha Stockholm kiliruka hatua. Katika sayansi, kama katika nidhamu ya silaha, kanuni zimewekwa kwa sababu kuna watu waliokufa kabla hazijawekwa. Askari, au jamaa yake, anayeahidiwa tiba mpya ya seli kwa fedha nyingi, ana haki ya kuuliza maswali matatu: imejaribiwa kwa nani, imeidhinishwa na nani, na waliotibiwa mwaka juzi wako wapi leo.

Aidha, kanda hii si maskini wa malighafi. Tangu mwaka 1989 wakulima wa pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wengi wao wakiwa wanawake, wamekuwa wakilima mwani katika maji ya kina kifupi. Mwani ule hutoa karajini, polima inayoganda kuwa jeli, itumiwayo viwandani katika vyakula na dawa ya meno, na inayochunguzwa kwa ajili ya kufunika vidonda na kubeba seli. Lakini mwani huo husafirishwa mkavu kwa wingi, na thamani yake kubwa hupatikana ng'ambo unakosafishwa. Gunia huondoka kwa bei ya gunia. Jeli hurudi kwa bei ya dawa.

Mfano mwingine ni samaki. Katika jimbo la Ceará, Brazil, madaktari wa mji wa Fortaleza, akiwamo mpasuaji Edmar Maciel, walianza katikati ya miaka ya 2010 kutumia ngozi ya perege iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu kuwafunika watu walioungua. Ngozi hiyo ina kolajeni nyingi na hushika unyevu. Ikigandamana vizuri na jeraha haina haja ya kubadilishwa kila siku, na hivyo humwepusha mgonjwa na maumivu ya kufunguliwa bandeji. Perege wa aina waliyoitumia ni wa asili ya Afrika, na ni jamaa wa hao wanaovuliwa katika ziwa Tanganyika. Hata hivyo isidhaniwe kwamba ngozi ya samaki wa sokoni yafaa kubandikwa kidondani. Ile ya Fortaleza hupitia maabara, dawa na mionzi kabla haijamgusa mgonjwa. Isiyotayarishwa hivyo ni takataka yenye vijidudu.

Tofauti baina ya malighafi na dawa, basi, ni maabara, vipimo na watu waliosomeshwa. Vyuo vikuu na hospitali za kanda hii vikishirikiana, hatua ya kusafisha na kupima yaweza kufanywa karibu zaidi na mahali mwani na samaki vitokapo.

Lakini tuseme kiunzi bora kuliko vyote kimo ghalani. Bado hakitamfaa majeruhi asiyefika hospitali akiwa hai, wala yule ambaye jeraha lake limeoza. Kiunzi hakioti juu ya usaha wala juu ya nyama iliyokufa. Kwa hiyo saa ya kwanza, ambayo daktari hayupo na askari yupo, huamua mengi.

Majeruhi wa moto aondolewe katika moto, na moto uliomshika uzimwe. Ikiwa anatoka damu kwa wingi, damu izuiwe kwanza. Mkanda, saa, pete na viatu vivuliwe kabla uvimbe haujaanza, lakini nguo iliyogandamana na nyama isivutwe. Jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Maji hayo hufaa hata yakichelewa, ilimradi saa tatu hazijapita. Barafu haifai. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, siagi, matope, majivu na yai havifai. Huongeza vijidudu na humficha daktari kina cha jeraha. Baada ya kupozwa, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoshika. Kitambaa cha jeli ni chema kwa ungua dogo. Kwa mtu aliyeungua sehemu kubwa, jeli na maji baridi kwa muda mrefu vyaweza kuushusha mno ujoto wa mwili, kwa hiyo jeraha hupozwa na mtu mwenyewe hufunikwa blanketi.

Ukubwa wa ungua hukisiwa kwa kiganja cha majeruhi: kiganja chake pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kisio hilo lipelekwe kwa daktari pamoja na saa ya ajali, kwa sababu maji ya kutiwa mishipani hupimwa kwa hayo mawili. Kwa kanuni moja inayotumiwa sana, mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 huanzishiwa hesabu ya lita 11 hivi katika saa 24, na nusu yake katika saa 8 za mwanzo tangu aungue. Mtu wa namna hiyo hufa kwa kukauka kabla hajafa kwa kidonda.

Na kabla ya huduma ya kwanza kuna wajibu ulio mkubwa zaidi, nao ni wa polisi na askari wa barabarani. Lori la mafuta likianguka, kamba ivutwe mbali, watu warudishwe nyuma, injini zizimwe, sigara na simu ziondolewe, na yeyote mwenye ndoo au dumu asikaribie, awe mkubwa au mdogo, ajulikane au asijulikane. Umaskini ndio unaomvuta mtu kwenye mafuta yaliyomwagika, na kumrudisha si kumnyima riziki. Sange na Morogoro zimeonyesha bei ya lita chache zile.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sayansi ya viunzi ni sayansi ya kujenga ukuta uliokwisha kuanguka. Ni ya heshima, ni ya gharama, na ukuta wake haujawa sawa na ule wa kwanza. Kuziba ufa kumo mikononi mwa askari mwenye kamba, filimbi na maji safi, anayefika mapema na anayejua afanye nini.